Mtuite Angali Anasikia



Wiki hii tuliitwa usiku katika kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini ya mji wa Kigoma. Mtumbwi ulitupitisha katikati ya taa za wavuvi wa dagaa, na tulipofika tulikuta mama amekwisha kufungwa kidevu, mwili umepoa. Tulimwombea marehemu, Mpako hatukumpa, kwa kuwa Sakramenti ni za walio hai. Mwanawe mkubwa alikiri kwamba siku tatu alikuwa ameona hali inakwisha, ila aliogopa: kumwita padri ni kumtabiria mama kifo.

Hofu hiyo tumeirithi katika jina la zamani, "Mpako wa Mwisho". Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba ni afadhali kusema Mpako wa Wagonjwa, na kwamba wakati wake umefika mara mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee.

Dalili zinaonekana. Mgonjwa wa siku nyingi huacha kula, kisha hukataa hata maji. Hulala mchana na usiku. Mkojo hupungua, miguu hupoa na kuwa na mabaka, pumzi hukatika kitambo kisha hurudi. Makohozi hukoroma kooni, nasi tunadhani sauti ile huwatesa walio chumbani kuliko mgonjwa. Wengine huwaita wazee waliokufa zamani, msibishane nao. Msiwalazimishe uji, maana utawapalia. Walowesheni midomo kwa kitambaa. (Aliyezidiwa ghafla na malaria si habari hii: huyo akimbizwe hospitali.)

Saa yenyewe haijulikani. Livingstone, ambaye Ujiji yetu humkumbuka tangu 1871, alibebwa na kuuguzwa na watu wake hadi kijiji cha Chitambo. Hata hivyo, alfajiri ya Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Kwa hiyo anayengoja kuwa na hakika atachelewa.

Jirani zetu Waislamu wa Ujiji wanatushinda hapa. Mtu akiwa katika sakarati humzunguka, humtia maji mdomoni kidogo kidogo, humtamkia shahada kwa upole. Sisi mara nyingi tunanong'ona uani kana kwamba mgonjwa hajui.

Katekista anaweza kuwaletea Komunyo, lakini Mpako ni wa padri, na ziwa likichafuka hakuna mtumbwi unaoondoka.

Tulipokuwa tukingoja kupambazuke, mkamwana mmoja alitueleza kwamba Jumatano mama mwenyewe aliuliza kama padri yupo Kigoma. Walimjibu apumzike.