UKURASA WA MFUGAJI: Ziba tundu kabla jua halijazama

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita tulizungumza juu ya kutotoa vifaranga. Kuku ameatamia mayai kwa siku 21. Vifaranga wametoka. Je, watafika kuwa kuku? Wengi hawafiki. Wengine huuawa na mdondo. Juu ya mdondo tumekwisha sema: chanjo ya tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Mwezi huu tuzungumze juu ya wanyama na ndege wanaotuibia kuku. Tutazungumza pia juu ya kuku anayeponyoka kwenye meno yao.

Mwaka 2019 nilipita katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Nzega. Mama mmoja mzee aliniita. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, baba. Njoo uone."

Ndani ya banda kulikuwa na kuku 6 waliokufa. Wote walikuwa wameumwa shingoni. Wawili tu ndio walioliwa, kichwa na kifua. Jogoo alikuwa hai, lakini ngozi ya mgongo ilikuwa imechanika. Mama yule alitaka kuuza kuku wale mwezi wa Januari, apate kununua sare na madaftari ya mjukuu wake. "Huyu namchinja kabla hajafa," alisema. Kisu kilikuwa tayari mkononi.

Nilimwomba angoje kidogo. Kwanza tulimtafuta mwizi.

Kila mwizi wa kuku huacha alama zake. Ukiamka, usifagie banda. Tazama kwanza. Kuku wengi wameuawa usiku mmoja na wachache tu wameliwa? Huyo ni kanu, au kicheche, au ndugu yao. Watu wengi huwaita wote kicheche, nami sigombani nao. Kuku mzima amechukuliwa na manyoya yameanguka njiani kuelekea porini? Huenda ni fungo au paka wa porini. Mayai yameondoka na hata ganda halikubaki? Mfikirie nyoka au kenge. Kifaranga ametoweka mchana, na mama yake anapiga kelele huku akitazama juu? Huyo ni mwewe au kipanga. Kifaranga ametoweka usiku, na kuna shimo dogo pembeni ya ukuta? Huyo ni panya. Na ukimkuta kuku amekufa juu ya mayai yake na siafu wamemjaa, basi ujue hakutaka kuacha mayai. Siafu humla kuku akiwa hai.

Kwa yule mama tulizunguka banda polepole. Ukuta ulikuwa mzuri, wa fito na udongo. Mlango ulikuwa mzuri. Lakini juu, ukuta na paa vilikuwa havikukutana. Palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi yangu. Pale tuliona manyoya machache yamenasa kwenye nyasi za paa. Ndugu msomaji, kanu ni mwembamba. Tundu likipitisha kichwa chake, mwili wote unapita. Watu wengi huziba matundu ya chini na kusahau ya juu. Kanu hupanda vizuri kuliko paka.

Basi, banda liweje? Liinue juu ya nguzo, kama mita 1 kutoka chini. Sakafu iwe ya fito zilizokaribiana, ili kinyesi kianguke chini. Kila nguzo izungushie bati au debe lililokunjuliwa, upana wa nusu mita hivi. Panya na kanu watateleza. Kama siafu ni wengi kwenu, simamisha kila nguzo ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Kata majani na matawi yote yanayogusa banda. Tawi ni daraja. Mlango uwe na komeo, na komeo lifungwe kila jioni kabla giza halijaingia.

Hapa lazima nikiri. Mimi bwana mifugo, mwenye cheti, nilipoteza kuku 4 nyumbani kwangu. Banda lilikuwa zuri kabisa. Jioni ile nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Nilisema, "Nitafunga mlango mpira ukiisha." Mpira ulipoisha nililala. Mke wangu bado hunikumbusha.

Vifaranga wana shida nyingine, kwa sababu mwewe huja mchana. Kwa wiki 4 za kwanza usiwaache wazurure. Wafunike kwa tenga uwanjani, karibu na watu, mahali penye kivuli. Waweke pamoja na mama yao, wape maji na chakula humo humo. Mifuniko ya chupa ni vyombo vizuri vya maji, maana kifaranga hawezi kuzama ndani yake. Juu ya tenga weka jiwe, ili paka asiliangushe. Wakianza kutembea, wapatie mahali pa kujificha. Mihogo au migomba karibu na nyumba husaidia sana. Uwanja mweupe usio na hata kichaka ni sahani ya mwewe.

Sasa turudi kwa yule jogoo. Kwa nini nilimzuia mama asichinje? Kwa sababu ngozi ya kuku huunga upesi kama kidonda ni kisafi. Kuku wa kuchinja mara moja ni yule ambaye matumbo yametoka nje, au mgongo umevunjika hawezi kusimama. Wengine wapewe nafasi.

Tulimfunika jogoo kwa kanga ili atulie. Kuku akiwa gizani huacha kupapatika. Kama damu inatoka, bana kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia, mpaka damu ikatike. Chemsha maji, yapoe, tia chumvi kijiko kidogo 1 katika nusu lita. Osha kidonda vizuri, ondoa uchafu wote. Manyoya yaliyo karibu na kidonda yakate kwa mkasi. Usiyang'oe, utaipasua ngozi zaidi. Kisha paka asali safi kidogo, au iodini iliyochanganywa na maji. Usipake mafuta ya taa, wala unga wa betri. Nimeona watu wakifanya hivyo, na kuku alikufa kwa dawa, si kwa kidonda.

Mtenge na wenzake. Kuku wakiona damu hudonoa, hata mwenzao atakufa. Mweke ndani ya tenga, mahali pa joto ambapo nzi hawafiki. Mpe maji anywe mwenyewe. Usimnyweshe kwa nguvu, maji yataingia mapafuni. Siku ya kwanza anaweza kukataa chakula. Usiogope. Tazama kidonda kila asubuhi. Ukiona funza, watoe wote na uoshe tena. Kidonda kikinuka au kikitoa usaha, mwite mtaalamu wa mifugo. Usifungue vidonge vya watu na kumpa kuku. Na ukipewa dawa ya kuku, uliza ni siku ngapi usile nyama wala mayai yake.

Bawa likivunjika, likunje kama anavyolikunja mwenyewe, ulifunge kwa utepe wa kitambaa kwa wiki 2 hivi. Lakini usikaze kifuani. Kuku hupumua kwa kuinua kifua. Ukikibana, hafi kwa bawa, hufa kwa kukosa hewa.

Yule mama aliniuliza, "Na huyu kanu nimtegee sumu?" Nilimkataza. Jirani yake alikuwa ametia sumu kwenye nyama mwaka uliotangulia. Kanu hakuonekana. Aliyekufa ni mbwa wa mlinzi wa shamba. Angeweza kuwa mtoto. Tena Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu.

Jambo jingine, nawaomba mlisome mara 2. Usimkamate kanu, nguchiro wala kicheche kwa mkono. Hasa yule anayekuja mchana bila kuogopa watu. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Kisha nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo. Usingoje kuumwa. Dalili zikianza, kwa kawaida mgonjwa haponi.

Tuliziba nafasi ya juu kwa fito na udongo siku ile ile. Mjukuu ndiye aliyekanyaga udongo. Baada ya wiki 3 nilipita tena. Kabla sijabisha hodi, jogoo aliwika. Mgongoni alikuwa na alama isiyo na manyoya, basi. Mama alikuwa amekopa matetea 2 kwa dada yake.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya chakula cha kuku wakati wa kiangazi.