Bure Mlangoni, Lakini Nani Aingie?

Neno "bure" ni tamu masikioni, nalo lina mitihani yake. Ndugu wasomaji, wiki hii twalitazama kwa mfano wa jumba moja la makumbusho lililoko Cape Town, Afrika Kusini. Jina lake ni Zeitz MOCAA, nalo lilifunguliwa Septemba 2017 kwa ajili ya sanaa ya kisasa ya Afrika.

Zamani lilikuwa ghala la nafaka pale bandarini, lililokamilika mwaka 1924. Mahindi yakiletwa kutoka mashambani, yakimiminwa katika mapipa marefu ya zege 42, kisha yakipakiwa merikebuni. Kazi hiyo ilipokoma, msanifu Mwingereza Thomas Heatherwick aliyachonga mapipa yale kwa ndani, akatoa ukumbi wenye umbo la punje ya hindi. Akili hiyo twaisifu, kwa kuwa asili ya mahali haikufichwa. Aingiaye hutazama juu hata kofia ikataka kumdondoka.

Lakini kuingia kuna bei. Lilipofunguliwa, mtu mzima alitozwa randi 180. Ndipo ikawekwa ruhusa kwamba raia wa nchi yoyote ya Afrika aingie bure siku ya Jumatano, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, maadamu ana kitambulisho.

Huo ni ukarimu, nasi hatuudharau. Ila hebu tuipime saa yenyewe. Jumatano saa nne baba yuko kazini, mama yuko katika shughuli zake, na watoto wako shuleni. Tena wengi wa wanyonge wa mji ule wanakaa mbali, kwenye vitongoji vya Cape Flats ambako wazee wao walihamishiwa kwa nguvu enzi za ubaguzi wa rangi. Bure ya mlangoni hailipi nauli ya watu watano, kwenda na kurudi.

Na nauli ikipatikana, iko haya. Mtu aliyezoea kuulizwa "wataka nini hapa?" hapigi hodi kwenye jumba la vioo kwa sababu ya tangazo tu. Nasi Mombasa twawajua watu waliozaliwa Mji wa Kale, wapitao chini ya kuta za Ngome ya Yesu kila uchao, na ndani hawajatia mguu. Ukiwauliza, watakwambia pale ni pa wageni.

Ndiyo maana jambo lililofanyika Zeitz MOCAA mwaka 2020 latupendeza zaidi ya ile Jumatano. Jumba lilikuwa limefungwa kwa sababu ya korona, likiongozwa na Koyo Kouoh, mwanamke wa Kameruni aliyefariki Mei 2025. Lilipofunguliwa tena Oktoba, wenyeji wa mji walikuwa wamekwisha kuombwa walete kazi za sanaa zilizotundikwa majumbani mwao, na takriban kazi 2,000 zikapatikana. Za mafundi wenye majina zilipangwa ukutani pamoja na za watoto, na kiingilio kilikuwa kadiri ya uwezo wa mtu.

Mama ambaye picha yake imetundikwa ndani hahitaji kubembelezwa aingie. Atakwenda, na ataongozana na wanawe, dada zake na jirani wa mlango wa pili, na bawabu atalazimika kuwapisha.