Gesti zisimalize vyumba vya wapangaji Tunduma



Natoa maoni yangu juu ya jambo linalowasumbua wananchi wengi wa Mkoa wa Songwe, hasa wafanyakazi wa kima cha chini. Jambo lenyewe ni upungufu wa vyumba vya kupanga mjini Tunduma, na sasa hata Vwawa.

Sote tunajua jinsi Tunduma ilivyokua. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inavuka mpaka hapo. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu wasiofika laki moja katika mji huo. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya laki mbili. Mwaka 2016 mkoa wetu ulianzishwa na Vwawa ikawa makao makuu. Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa. Haya yote ni maendeleo, na hakuna mwananchi mwenye akili timamu anayeyapinga.

Lakini maendeleo yana hesabu yake, nayo tuifanye kwa uwazi. Tuchukue mfano wa chumba kinachopangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akikigeuza kuwa chumba cha gesti cha shilingi 10,000 kwa usiku, na akapata wageni siku 20 tu, ameingiza shilingi 200,000. Hata kama nusu ya fedha hiyo itaishia kwenye mshahara wa mhudumu, umeme, maji, sabuni na ushuru, anabakiwa na shilingi 100,000. Nani basi atamlaumu akimwambia mpangaji wake atafute mahali pengine? Mwenye nyumba si mwizi. Wengi wao ni wastaafu na wajane waliojenga kwa jasho lao.

Kosa haliko kwa mwenye nyumba mmoja mmoja. Liko katika kuuacha mji mzima ufuate hesabu hiyo pasipo mpango. Dereva na utingo wake hulala siku mbili tatu, kisha huondoka. Mfanyabiashara hununua mzigo, akaondoka. Anayebaki ni mwalimu, muuguzi, kibarua anayepakua magunia, mama lishe, na huyo huyo mhudumu wa gesti anayetandika vitanda kumi kila asubuhi, na mwenyewe hana chumba cha karibu. Hao ndio wanaodaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, juu yake ada ya dalali, kisha wanahamishwa nyumba inapogeuzwa. Mji ukiwafukuza wanaowahudumia wageni, wageni hao watahudumiwa na nani?

Sisi walimu wa vijijini tunayaona matokeo yake. Hapa Igamba tunapokea watoto walioletwa kwa babu na bibi kwa sababu wazazi wao wako Tunduma katika chumba kimoja kisichotosha, au wamehamishwa mara mbili kwa mwaka. Mtoto anayehamahama hujifunza kusoma kwa shida. Hasara hiyo haionekani katika vitabu vya mapato vya halmashauri, lakini ni hasara ya taifa.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliowekwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba nyingi zilizokuwa za familia zimekuwa hoteli. Huko Marekani na Kanada iko miji ya milimani ambako matajiri huenda kucheza juu ya theluji. Nyumba zilipokuwa za kukodisha kwa siku, wapishi, walimu na madereva wa mabasi walisukumwa kwenda kukaa mbali. Baadhi ya miji hiyo haikukaa kimya. Whistler, huko Kanada, uliunda mwaka 1997 chombo maalumu cha kusimamia nyumba zilizotengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mji. Vail, katika jimbo la Colorado, ulianza mwaka 2017 kuwalipa wenye nyumba waliokubali sharti kwamba nyumba zao zitakaliwa na wenye kufanya kazi wilayani humo, hata zikiuzwa. Na mwaka 2024 Barcelona, Hispania, ulitangaza kwamba vibali vya kukodisha nyumba kwa watalii vitakoma mwaka 2028.

Kwetu pia si jambo geni kwa serikali kushughulikia nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1984 tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Sisemi tuirudishe kama ilivyokuwa. Nasema mpangaji asiachwe bila kinga yoyote.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, halmashauri inapogawa viwanja na kutoa leseni, itenge maeneo ya gesti kandokando ya barabara kuu, na maeneo mengine yabaki ya makazi. Gesti bubu zisizo na leseni zifuatiliwe. Pili, sehemu ya ushuru unaotokana na nyumba za wageni itumike kujenga nyumba za watumishi na za kupangisha kwa kodi nafuu. Tatu, iwekwe sheria inayozuia kudai kodi ya zaidi ya miezi michache kwa mkupuo, na inayompa mpangaji taarifa ya kutosha kabla ya kuhamishwa. Nne, sisi wa vijijini tusingoje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Tupange matumizi ya ardhi yetu mapema, kabla madalali hawajayakata mashamba ya kahawa kuwa viwanja.

Wenye gesti nao watafaidika, kwani biashara ya malori haina uhakika. Mei 2020 Zambia ilipoufunga kwa muda mpaka wa Nakonde kwa ajili ya korona, tulijifunza jinsi wageni wanavyoweza kukatika ghafla. Na mizigo ikirudi kwenye reli, madereva watapungua. Mpangaji wa kudumu hulipa hata mpaka ukifungwa.

Wageni tuwakaribishe, ndugu zangu, lakini mwenye mji naye apate mahali pa kulala.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Igamba, Mbozi,
Songwe.