Samaki hana cheti cha kuzaliwa: umri wa sangara unajulikanaje?

Tarime na Serengeti hatuvui ziwani, lakini sangara na sato wa Ziwa Victoria tunawanunua sokoni. Kwa hiyo sheria za uvuvi zinatugusa pia. Tanzania inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu zilikamatwa na kuteketezwa. Wavuvi wengi walibaki na uchungu. Je, urefu wa samaki unatuambia nini?

Unatuambia umri. Watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), hupima mamia ya samaki bila kuwachagua, kisha huhesabu wangapi wana urefu gani. Hesabu hiyo ikichorwa, hutokea vilima. Kilima kimoja ni samaki waliozaliwa wakati mmoja, kinachofuata ni kaka na dada zao waliowatangulia. Ni sawa na kupanga wanafunzi kwa kimo: hata bila daftari la mahudhurio, utaona darasa la kwanza liko wapi na la saba liko wapi. Johannes Petersen wa Denmark alianza kutumia njia hii miaka ya 1890.

Wakipima tena kila mwezi, wataalamu huona kilima kikisogea, na hapo hujua samaki anakua kwa kasi gani. Kilima cha wakubwa kikizidi kupungua, ni dalili kwamba wengi wanavuliwa kabla ya kuzaa. Sangara jike huchelewa zaidi, kwani hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume.

Njia hii ina mipaka yake. Samaki mkubwa hukua polepole, hivyo vilima vya wakubwa huingiliana. Nyavu nazo huchagua: zenye macho makubwa hupitisha wadogo. Ndiyo maana fungu la mtumbwi mmoja halitoshi kulisemea ziwa zima.

Kwa maoni yetu, vipimo hivi visiishie kwenye makabati ya ofisi. Virudishwe mwaloni na kuelezwa kwa lugha nyepesi. Mvuvi akichomewa nyavu bila maelezo huona ameonewa. Akioneshwa kilima kinachopotea, ataelewa kwamba kesho yake ndiyo inayopotea. Nasi wanunuzi tukikataa sangara mchanga, tunampa nafasi ya kuzaa.