Dead Space 2 Haijapoteza Hofu

Dead Space 2, iliyotengenezwa na Visceral Games na kutolewa mwaka 2011, hulaumiwa kwamba imegeuka mchezo wa risasi na kuacha hofu ya toleo la 2008. Lawama hiyo haina mashiko. Mhusika mkuu, Isaac Clarke, anaporudi ndani ya Ishimura, meli ya toleo lile la kwanza, korido zimefunikwa plastiki, usafishaji umeachwa njiani, na kwa muda mrefu hatokei adui hata mmoja. Mchezaji hunyata akielekeza silaha kwenye kila tundu la hewa, akingoja shambulio lisilokuja. Mchezo wa risasi tu usingethubutu kumwacha hivyo. Ni kweli mapambano yameongezeka kasi. Lakini katika ngazi ngumu kuliko zote, mchezaji huruhusiwa kuhifadhi mchezo mara 3 tu, na kila risasi inayopotea humuuma.