Kodi ya majengo inakatwa bila hati, na mwenye nyumba hana pa kushika

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Tanzania Bara hukatwa kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Mtu ananunua umeme, na kabla uniti hazijaingia kwenye mita, kodi imeshatoka. Mfumo ulipoanza, nyumba ya kawaida ilikatwa Sh1,000 kwa mwezi na ya ghorofa Sh5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango vikapandishwa hadi Sh1,500 na Sh7,500 kwa mwezi, sawa na Sh18,000 na Sh90,000 kwa mwaka. Ni ongezeko la nusu nzima kwa mara moja, na wananchi wengi walilijua kwa kuona uniti zimepungua.

Hatuipingi kodi yenyewe. Mitaro ya Tandale na barabara za mitaa ya Mbagala, jijini Dar es Salaam, hazitajengwa kwa maombi, na mwenye jengo mjini ananufaika na huduma ambazo lazima zigharimiwe na mtu. Tunakiri pia kwamba LUKU imefanya jambo ambalo madaftari ya halmashauri na foleni za ofisi za kodi zilishindwa kulifanya kwa miaka mingi: imewafikia waliokuwa hawalipi kabisa, na imemwondoa mkusanyaji wa mkononi aliyekuwa akibisha hodi na stakabadhi za mashaka.

Lakini urahisi huo umemgharimu mwenye nyumba haki ya msingi. Hapelekewi hati ya makadirio. Hakuna karatasi inayomwambia jengo lake limeandikwa katika kundi gani, lina sakafu ngapi kwenye kumbukumbu za serikali, limefungwa kwenye mita ipi, na anadaiwa malimbikizo ya miezi mingapi. Anachopata ni ujumbe wa simu wenye tokeni na mstari mmoja wa makato. Na mtu asiyejua alivyokadiriwa hawezi kuyapinga makadirio hayo.

Sheria ya nchi haikukusudia hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 tangu afikishiwe uamuzi wa kodi kupeleka pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Inamtaka pia alipe kwanza kiasi asichokibishia au theluthi moja ya kodi, chochote kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna amempunguzia au kumsamehe sharti hilo. Asiporidhika anakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Ni ngazi nzuri. Tunauliza: mwenye nyumba wa Buguruni aanze kuzihesabu siku zake 30 kutoka lini? Kutoka tokeni ya mwezi gani? Mfanyabiashara anayeandikiwa makadirio ya kodi ya mapato anashika barua yenye tarehe. Mwenye nyumba hana cha kushika, na anapofungua mdomo fedha yote imeshachukuliwa, si theluthi.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao mfumo umewakata kimakosa. Nyumba za Uswahilini zina mita mbili, tatu, hata zaidi, kwa sababu kila mpangaji anataka kujilipia umeme wake. Nyumba ni moja na kodi ni moja, hivyo mita moja tu ndiyo inayopaswa kubeba makato. Tangu mwanzo wa utaratibu huu wananchi wamelalamika kukatwa kwenye mita zaidi ya moja, na jibu wanalopewa ni kufika ofisi ya TRA kurekebishiwa. Yaani aliyekatwa zaidi ndiye apande daladala, apoteze siku ya kazi, apange foleni na kuthibitisha kwamba nyumba yake ni moja. Kosa la mfumo linarekebishwa kwa nauli ya aliyekosewa. Hilo halikubaliki.

Mpangaji naye ametupwa katikati. Kisheria kodi ni ya mmiliki. Kiuhalisia hukatwa kwa anayenunua umeme, na huyo mara nyingi ni mpangaji. Mamlaka ziliposema mpangaji amdai mwenye nyumba au akate kwenye pango, zilisahau nani mwenye nguvu kati ya wawili hao. Mpangaji wa chumba kimoja anayejua kwamba mwezi ujao anaweza kuambiwa atafute pengine hatagombana na baba mwenye nyumba kwa Sh1,500. Atanyamaza alipe. Kwa njia hiyo kodi ya mali inalipwa na asiye na mali, na serikali inalijua hilo.

Lipo pia suala la wazee na watu wenye ulemavu. Sheria imeisamehe kodi nyumba moja ambayo mzee wa miaka 60 na zaidi, au mtu mwenye ulemavu, anaimiliki na kuishi humo. Ni msamaha wa haki, kwa watu ambao wengi wao hawana kipato cha kila mwezi. Lakini mita haijui umri wa mtu. Asiyejitokeza kudai msamaha ataendelea kukatwa, na bibi anayetumiwa tokeni na mjukuu aliye Mwanza hataona hata huo mstari wa makato. Serikali hiyohiyo ina kumbukumbu za vitambulisho vya taifa zenye tarehe za kuzaliwa. Kama mifumo yake iliweza kuunganishwa ili kukata, iunganishwe pia ili kusamehe.

Tukija kwenye kiwango chenyewe, hapo ndipo neno makadirio linapokosa maana kabisa. Kiwango hiki hakikadirii thamani yoyote. Nyumba ya vyumba viwili ya matofali ya kuchoma pembezoni mwa mji na jumba la kifahari la Masaki lisilo na ghorofa zote ni nyumba ya kawaida, zote Sh18,000 kwa mwaka. Wakati huohuo familia iliyojenga kaghorofa kwenye kiwanja finyu cha urithi pale Manzese, kwa sababu ardhi haikutosha kutanuka, inalipa kwa kila sakafu mara tano ya jumba zima la Masaki. Sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo mijini ilikuwa na mtazamo tofauti: jengo lithaminiwe, liandikwe kwenye daftari la uthamini, na daftari hilo liwe wazi kwa mwenye nyumba kulikagua na kulipinga. Daftari lilikuwa na shida zake nyingi, wathamini walikuwa wachache na nyumba nyingi hazikufikiwa. Dawa ya shida hizo ilikuwa kuthamini vizuri zaidi. Badala yake tumeacha kuthamini.

Watakaosema uthamini ni mzigo usiobebeka watazame Nairobi, na wajifunze mazuri na mabaya. Kenya ilikuwa na sheria iliyotaka daftari la thamani ya ardhi liandaliwe upya angalau kila miaka 10, liwekwe wazi, na mwenye kiwanja apewe siku 28 kupeleka pingamizi mbele ya mahakama maalumu ya uthamini. Utaratibu ulikuwa safi kwenye karatasi. Lakini jiji hilo lilikaa na daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa takriban miaka 40, likitoza asilimia 34 ya thamani ya ardhi tupu ambayo hakuna aliyeikumbuka tena. Lilipokuja daftari jipya la mwaka 2019, wamiliki walikutana na thamani zilizoruka kupita walivyozoea, na ugomvi ukawa mkubwa. Mwishoni mwa 2024 Kenya ikatunga sheria mpya ya kitaifa ya kodi hiyo, kuchukua nafasi ya zile za zamani. Sisi tunaona mambo mawili hapo. Thamani isipohuishwa, siku ya kuhuisha huwa siku ya vurugu. Na hata katika vurugu hiyo mwenye kiwanja wa Nairobi alikuwa na tarakimu yake mkononi, akaweza kusema: hii si sahihi, na sababu zangu ni hizi.

Mwenye nyumba wa Tanzania asisubiri serikali igeuke ndipo aanze kujitetea. Atunze ujumbe wa LUKU wa kila mwezi, asiufute. Alinganishe makato ya mita zote zilizomo kwenye nyumba yake. Akiona mbili zinakatwa, au nyumba ya kawaida imeandikwa ghorofa, au anastahili msamaha na bado anakatwa, aandike barua. Si kwenda kulalamika kwa mdomo dirishani. Barua yenye namba za mita, mahali nyumba ilipo, tarehe na kiasi cha makato, ikiambatana na utambulisho wa serikali ya mtaa, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Ajitahidi kuifikisha ndani ya siku 30 tangu alipogundua makato, asije akaambiwa amechelewa. Adai marejesho, si marekebisho ya mbele tu. Asipojibiwa, msuluhishi wa malalamiko ya kodi yupo kwa kazi hiyo. Mpangaji naye aoneshe makato kwa maandishi kila anapolipa pango, na wapangaji wa nyumba moja wafanye hivyo pamoja, kwa kuwa mmoja peke yake ni rahisi kufukuzwa.

Hata hivyo, haki ya mtu haipaswi kutegemea ujasiri wake wa kuandika barua. Wizara ya Fedha na TRA ndizo zenye wajibu, na hukumu yetu juu yao ni kwamba zimejenga mfumo wenye mkono wa kuchukua na usio na sikio. Muswada wa fedha unaofuata uweke sharti kwamba kila mwenye jengo apewe, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, hati inayotaja kundi la jengo, idadi ya sakafu, namba ya mita moja inayokatwa, kiasi cha mwaka, malimbikizo kama yapo, na mahali pa kupeleka pingamizi. Siku 30 zihesabiwe kuanzia hati hiyo. Hati inaweza kutumwa kwa simu ileile inayopokea tokeni. Makato ya mita ya pili yarejeshwe kwa uniti bila mwananchi kuyaombea, na uthamini wa majengo uanzie Masaki, Oysterbay na Mbezi Beach, ambako pengo kati ya Sh18,000 na thamani ya jengo ni kubwa kuliko kokote.