QEMU: Kisichotumika kifutwe au kiachwe?

Nani bado anatumia flopi? Karibu hakuna. Lakini mwaka 2015, kodi ya flopi ndani ya QEMU, programu huria ya kuendesha kompyuta pepe, ilikutwa na tundu la usalama lililopewa jina VENOM. Lilikuwapo tangu 2004, na lingeweza kumvusha mdukuzi kutoka kompyuta pepe yake hadi kwenye seva yenye data za wateja wengine. Hata aliyezima flopi hakuwa salama.

Tundu lilizibwa, kodi ikabaki: kuna mifumo ya zamani inayoitegemea. Ndo mvutano wenyewe. Kinachobaki kinahitaji mtunzaji. Kinachoondolewa kinaweza kumkwamisha mtu.

QEMU hutangaza kwanza, kisha husubiri matoleo mawili kabla ya kufuta. Asiyesoma tangazo atashtukia mfumo umegoma.